Skopu ya usiku kwa nguruwe mwitu, Texas: ya joto au dijitali?

beberu_wa_waco

Wakuu habari za saa hizi. Nipo Texas, nje kidogo ya Waco, nimekodi shamba nafuga mbuzi na pembeni kuna kipande cha mtama. Shida yangu ni nguruwe mwitu. Wanakuja usiku wa manane kundi zima, majike na watoto wao, wanapindua udongo utadhani trekta limepita, waya wa uzio wanaunyanyua kwa pua wanapita chini, na msimu huu mbuzi walipoanza kuzaa nikawa nakuta vitoto vimeliwa, kimebaki kipande cha ngozi na kwato. Mzee mmoja jirani mfugaji wa siku nyingi kaja kaangalia nyayo kasema nguruwe hao, kayoti (yule mbweha mkubwa wa huku) wanakuja baadae kumalizia.

Bunduki ninayo, .308 (ndo saizi ya risasi yake) ya kukoki kwa mkono. Sasa nataka skopu ya usiku, ile darubini ya kufunga juu ya bunduki, na hapo ndo kichwa kinauma. Dukani jamaa ananiambia chukua ya joto, kwenye boksi imeandikwa inaona mita 1,800. Mwingine anasema dijitali na taa ya infraredi inatosha. Kuna mwingine anauza ile ya picha ya kijani kwa bei ya kutupa. Bajeti yangu dola 1,500, nikijikaza sana 2,000. Shamba lenyewe sitapiga zaidi ya yadi 200, upande mmoja kuna nyumba ya jirani na upande mwingine barabara. Mbuzi wanalala nje na kuna mbwa mkubwa mweupe wa kuwalinda.

Anayejua anisaidie maana hizi hela za kuungaunga.

Kurunzi77

Mkuu pole kwa vitoto. Hebu tuanzie hapo kwenye mita 1,800 maana ndo wanapowapigia watu.

Hiyo namba sio umbali wa kumjua mnyama, ni umbali wa kuona kwamba pale kuna kitu. Kidoa tu. Tena wanapima kwa mtu mzima aliyesimama, hali ya hewa safi. Mwaka 1958 kuna mtaalamu wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipima watu wanahitaji picha iwe na uchambuzi (yaani undani) kiasi gani ndo wajue wanachokiangalia, na mpaka leo watengenezaji wanatumia hesabu zinazotokana na kazi yake: ili ukitambue kitu kwa uhakika unahitaji uchambuzi mara sita na ushee ya ule wa kugundua tu kwamba kipo. Sasa chukua 1,800 gawa kwa sita na nukta nne, unabaki na chini ya 300, na hapo ni mtu mzima. Nguruwe kijana ambaye kimo chake hakifiki kiunoni mwako, ndani ya nyasi, lazima awe karibu zaidi ya hapo ndo umjue. Na shamba lako lina mbuzi, lina mbwa, lina jirani. Kwa hiyo swali lako we sio "naona mbali kiasi gani", ni "namjua nani yuko pale".

Aina zenyewe kwa kifupi. Ile ya kijani ni ya bomba, inakuza mwanga mdogo wa nyota na mwezi. Zinahesabiwa kwa vizazi, Gen 1 hadi Gen 3. Ya bei ya kutupa ni Gen 1, achana nayo, picha ina ukungu pembeni na bila taa haioni kitu. Gen 3 ni nzuri mno lakini bajeti yako haifiki hata mlangoni.

Dijitali ni kamera. Sensa yake inaona infraredi ambayo jicho letu halioni, unafunga taa juu ya bunduki unamulika. Taa zipo za nanomita 850 na 940. Ya 850 inapiga mbali zaidi ila ukiitazama kwa mbele unaona kinukta chekundu, ya 940 haionekani kabisa lakini sensa inaipokea kwa shida so umbali unapungua. Nguruwe waliokwisha kupigwa risasi wanajanjaruka, kuna watu wanaapa kwamba wanaikimbia ile nukta nyekundu. Faida ya dijitali ni kwamba unaona sura: masikio, pembe, mkia, rangi, waya wa uzio, mti ulio mbele ya risasi yako. Ubaya wake nyasi ndefu karibu na mtutu zinarudisha mwanga wote usoni mwako, na ukungu hivyo hivyo, unaona ukuta mweupe.

Ya joto haihitaji mwanga wowote, inasoma joto la mwili. Kwa kutafuta hamna mpinzani, nguruwe amejificha kwenye mtama unamuona mgongo unang'aa. Ila kiangazi cha Texas jioni mawe na udongo bado vina moto, kila kitu kinafanana, na nguruwe aliyetoka kugaagaa kwenye tope baridi anafifia. Halafu haipiti kwenye kioo. Ukikaa ndani ya pikapu shusha dirisha, la sivyo unajiangalia mwenyewe.

Ningekuwa mimi na hela yako: nanunua monokula (darubini ya jicho moja) ndogo ya joto ya kushika mkononi, hata ya pikseli 256 kwa 192, ya kutafutia, na kwenye bunduki naweka skopu ya dijitali kama Sightmark Wraith au mfano wake yenye taa nzuri. Vyote viwili vinaingia kwenye 1,500 na chenji inabaki ya betri. Unatafuta kwa mkono, ukishajua ni nini ndo unainua bunduki. Kumulikamulika shamba kwa skopu iliyofungwa kwenye bunduki maana yake unaelekeza mtutu kwa kila kitu chenye joto, pamoja na jirani aliyetoka kuangalia ng'ombe wake.

Chui_wa_Lubbock

Nampinga kidogo Kurunzi. Vifaa viwili usiku, huku unabadilisha hiki unashika kile, kundi limeshaondoka. Nguruwe wakiwa wanakula hawakusubiri. Mimi ni skopu ya joto tu, AGM Rattler ya 384 (pikseli za sensa kwa upana), kuna msimu zinashuka karibu na 2,000 hiyo ukivizia ofa. Sensa ya 384 kwa yadi 200 nguruwe namjua kwa mwendo wake tu, kichwa chini, mgongo umepanda mabegani, mkia unapepea.

Ukienda huko angalia vitu viwili na uache mbwembwe nyingine zote. Moja ni ile namba ya NETD, ikiwa ndogo ndo sensa inatofautisha joto dogo zaidi, tafuta chini ya milikelvini 25 kama hewa yenu ina unyevunyevu, na Waco inao kuliko huku kwetu. Mbili ni ukuzaji wa asili kabla ya zumu. Zumu ya dijitali inavimbisha pikseli zilezile haikuongezei kitu. Wanaoanza wanapenda ya kukuza mara 4 wanashindwa kumpata mnyama anayekimbia maana eneo unaloliona ndani ya skopu linakuwa finyu.

Na mbuzi wafungie bandani usiku bana, kwani lazima walale nje?

mama_wa_ozark

Jamani wanaume mkishika skopu hamtoki hapo.

Mimi niko Missouri na mume wangu tunafuga kondoo. Idara ya wanyamapori ya huku imekataza kuwawinda nguruwe mwitu kwenye maeneo yake, wanachosema ni ukiwaona toa ripoti usipige. Sio kwamba wanawahurumia. Ukipiga risasi kwenye kundi unaua mmoja, wawili, waliobaki wanatawanyika wanahamia kwa jirani, wanazaa huko na wanakuwa wa usiku zaidi. Wataalamu wa Texas A&M AgriLife, hapo hapo kwenu kaka, wanasema ili idadi isiongezeke inabidi kuondoa kama asilimia 66 ya nguruwe kila mwaka. Asilimia 66! Kwa bunduki moja ya kukoki kwa mkono?

Kinachofanya kazi ni mtego wa zizi. Paneli za chuma za duara, chini usiache pengo maana watachimba, mlango unashuka wenyewe au unaushusha kwa simu ukiwaona kwenye kamera. Unaweka mahindi mlango uko wazi, siku nyingi tu, wazoee, waje na watoto na yule jike mzee mwenye wasiwasi ambaye anabaki nje anachunguza. Huyo akiingia na wengine wote wamo, ndo unashusha. Haraka zako ndo zitakazomfundisha, na jike aliyeponyoka mtegoni hutamkamata tena kirahisi. Ulizia ofisi ya ugani ya kaunti yenu, na majirani mnaweza kuchangia gharama ya mtego mmoja mkauzungusha.

Skopu nunua, sikukatazi, lakini iwe ya kuwamalizia waliobaki. Na kwa kayoti huyo mbwa mweupe anakusaidia kuliko bunduki.

mshua_mdogo

Kwa hiyo tunanunua skopu au tunajenga gereza la nguruwe? Mi nilikuja kusoma bei tu.

beberu_wa_waco

Nashukuruni sana, dada wa Ozark umenipa cha kufikiria, huo mtego nitamuuliza yule mzee jirani maana nguruwe wenyewe wanalala kwake mtoni wanakuja kula kwangu.

@Chui banda lipo ila dogo, wakati wa kuzaa haliwatoshi.

Kilichonigusa ni habari ya kutambua. Huyu mbwa usiku hatulii, anazunguka uzio mzima, wakati mwingine anamkimbiza kayoti hadi kwenye mtama. Kwenye skopu ya joto nitamtofautishaje na kayoti? Na pili, mdogo wangu yupo hapa kwa viza ya mwanafunzi, anataka kunisaidia kukesha wikiendi. Anaruhusiwa kushika bunduki?

Kurunzi77

Mbwa ndo sababu hasa mi nakusukuma kwenye dijitali. Kwenye ya joto mbwa mweupe sio mweupe, ni joto tu, kayoti joto tu, mbuzi joto tu. Karibu unawajua kwa umbo, yadi 150 mbwa akiwa amekaa au amekuelekea uso, unabahatisha. Na huruhusiwi kubahatisha. Sasa mvishe huyo mbwa kola pana ya kuakisi mwanga, zile za wakimbiaji wa barabarani. Ukimulika kwa infraredi inawaka mpaka inaumiza macho. Kwenye skopu ya joto kola hiyohiyo haikwambii kitu.

Kingine ambacho watu wengi hawajui: angalia macho. Mbuzi, mbwa, kayoti, kulungu wote nyuma ya jicho wana utando unaorudisha mwanga, ukimulika unaona vitaa viwili viwili. Nguruwe hana huo utando. Kwa hiyo kwenye dijitali ukiona uwanja mzima vitaa vinawaka jua hao mbuzi wako, na lile dubwana lenye mgongo wa juu na macho yamezima karibu na mtama, huyo anza kumchunguza. Nimesema kumchunguza, sio kumpiga. Nguruwe pia macho yake yanaweza kumetameta kidogo na mbuzi aliyekupa mgongo haonyeshi chochote. Unasubiri ageuke ubavu, uone pua na masikio, uone na kilichopo nyuma yake.

Kilichopo nyuma ndo muhimu kuliko yote. Risasi ya .308 ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na wewe una jirani na barabara. Jenga kijukwaa cha juu, hata futi kumi tu, ili kila risasi ielekee chini iingie udongoni. Panga mapema pembe ambazo hutapiga kabisa, kapige vigingi mchana. Usiku skopu zote hizi zinakudanganya kuhusu umbali, picha ni bapa, nguruwe mdogo wa karibu na mkubwa wa mbali wanalingana. Vile vigingi pima umbali wake uviandike mahali.

Na kabla hujalipa soma mwongozo kama skopu inahimili teke la .308. Zipo za bei nafuu zimetengenezewa bunduki za upepo na za risasi ndogo ya .22, ukiifunga kwenye .308 shabaha inahama kidogo kidogo hujui kwa nini.

wakili_wa_mtaani

Nijibu la mdogo wako maana hapo watu wanaingia matatizoni bila kujua.

Sheria ya shirikisho inakataza mtu mwenye viza ya muda, ya mwanafunzi ikiwemo, kumiliki au kushika bunduki au risasi. Kuna misamaha, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Sasa mtego uko hapa: Texas tangu Septemba 1, 2019 haidai leseni ya kuwinda kwa nguruwe mwitu kwenye ardhi binafsi ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi. Dogo atasikia "leseni haihitajiki" atashika bunduki mkono mtupu, na kwa jimbo hana kosa ila kwa shirikisho anayo kesi ambayo itamharibia viza na maisha. Akanunue leseni kwanza, atembee nayo, na kama ana lolote lingine kwenye makaratasi yake aongee na wakili wa uhamiaji kabla. Mwenye grini kadi hayumo kwenye katazo hilo la viza.

Wewe beberu umesema umekodi. Hakikisha mkataba wako unasema unaruhusiwa kupiga nguruwe, au pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Usipige kutoka barabarani wala kuvuka barabara. Nguruwe usiku ni halali, hakuna msimu wala idadi. Kayoti ni leseni, isipokuwa wale wanaoshambulia mifugo, au waliotoka kushambulia. Na mpigie askari wanyamapori wa kaunti umwambie leo usiku nitakuwa shambani na taa na bunduki, sio lazima ila unamwokolea safari, jirani akisikia mlio usiku anapiga simu.

mkulima_ifakara

Wakuu mimi nipo huku Kilombero nguruwe pori wanatumaliza kwenye mpunga, tunakesha kwenye vichanja tunapiga madebe. Hiyo monokula ya joto mtu akija likizo si anaweza kunibebea moja? Hela natuma.

wakili_wa_mtaani

Ndugu yangu wa Ifakara usimwombe mtu hicho kitu. Vifaa hivi vya kuonea usiku, vya joto na vya bomba, Marekani wanavidhibiti kama teknolojia nyeti. Kukitoa nje ya nchi, hata kwenye begi la nguo, hata kama zawadi, kunaweza kuhitaji kibali cha serikali na watu wamefungwa jela kwa hilo. Na kwa upande wenu nguruwe pori ni mnyamapori wa serikali, huwezi kujichukulia tu ukapiga usiku, pitia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Kurunzi ya kawaida yenye mwanga mkali inafukuza vizuri tu na haina kesi.

bulongo_abilene

Mujambo bandugu. Miye niko apa Abilene, sisi bakongomani tuko bengi. Ule ndugu wa Waco kama wewe haukulake nguruwe, usitupe ile nyama, utuitie tutakuya na gari. Ile ya mafuta kidogo njo nzuri, kuikausha na moshi.

wakili_wa_mtaani

😂 Kumpa ni sawa, kumuuzia hapana, nyama ya kuuzwa lazima ipite ukaguzi. Na atakayechinja avae glavu, nguruwe mwitu wana brusela, ugonjwa wa bakteria, na inampata binadamu kupitia kidonda kidogo tu mkononi. Iive vizuri.

Chui_wa_Lubbock

Haya kwa ajili ya mbwa nakubali yaishe, chukua dijitali. Bado nasema ukiuza mbuzi ununue ya joto.

beberu_wa_waco

Chui nikiuza mbuzi nguruwe watakula nini 😂

Nimeamua hivi. Monokula ya joto ya mkononi kwanza, wiki hii, hata kabla ya skopu, nione wanaingilia wapi na wako wangapi. Yule mzee nimeshampigia, ana paneli za zamani za ng'ombe tutazitengenezea zizi la mtego kule kwake mtoni, mlango tutauchangia. Skopu ya dijitali ikifuata ni ya wale watakaobaki na kayoti. Mdogo wangu leseni kwanza la sivyo atashika monokula tu. Bulongo nitakutafuta.

Swali la mwisho Kurunzi, kulenga shabaha, yaani kuirekebisha skopu ilingane na risasi inapopiga, inabidi nifanye usiku? Na betri vipi?

Kurunzi77

Dijitali unalenga mchana kwa karatasi ya kawaida kabisa, hiyo ni raha yake nyingine. Funga skopu, piga yadi 50 kwanza, ikikaa sawa sogea 100, kisha usiku rudia risasi kadhaa na taa ikiwa imewaka uthibitishe haijahama. Taa yenyewe irekebishe mwanga wake uangukie katikati ya picha, nyingi zinakuja zimepinda. (Chui na wenzake wa joto ndo wanaohangaika kubandika foili ya jikoni kwenye ubao ili waone doa.)

Betri, taa ya infraredi inakula kuliko skopu. Nyingi zinatumia 18650, zile betri za duara za kuchaji, nunua za kampuni inayoeleweka maana zile zinazojisifu uwezo mkubwa kupita kiasi ni uongo mtupu. Weka za akiba mfuko wa ndani wa koti, Januari baridi ikishuka zinakata ghafla wakati nguruwe ndo wanaingia.